Raba moja ya kasi na ya kila siku: ichague kwa siku zako za polepole

Swali: Shikamoo kocha. Ninakimbia mara nne kwa wiki, jumla kama kilometa 40, zote kwenye lami. Kilometa 10 ninazimaliza kwa dakika 52 na ninataka kushuka hadi 48 kabla mwaka haujaisha. Raba zangu zimeanza kuchoka na mfuko unaruhusu jozi moja tu. Dukani nimejaribu mbili: moja laini lakini nzito, nyingine nyepesi yenye bamba la kaboni, yaani kibao kigumu ndani ya soli, tena imepunguzwa bei. Hiyo ya pili nikiivaa tu najisikia nataka kuruka. Kuna ubaya gani nikiichukua nikafanyia mazoezi yote, na mashindano pia? Nina kilo 78, na mwaka jana kano ya kisigino cha kulia ilinisumbua sana.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umenirahisishia kazi kwa kutoa namba, maana namba hizo ndizo zinazojibu swali. Ziache zote mbili. Unayoitafuta iko katikati yake, na nitakueleza namna ya kuitambua kwa mikono na miguu yako mwenyewe, hata kama muuzaji hajui mengi.

Tuichambue wiki yako. Kilometa 40 kwa siku nne, tuseme siku mbili za mwendo wa taratibu, kilometa 8 kila moja, mbio ndefu ya 16, na siku moja ya kasi ya 8. Kwenye hiyo siku ya kasi, ukitoa kupasha mwili moto, kujikongoja kati ya mzunguko na mzunguko, na kupoza mwili mwishoni, kilometa ulizokimbia kwa kasi kweli ni 4, zikizidi sana 5. Maana yake katika kila kilometa 40, zile 35 utazikimbia kwa dakika 6 na ushee kwa kilometa, na sehemu yake miguu ikiwa imechoka na mwili umeanza kuinama. Raba yako itaishi humo. Kiatu cha kazi mbili kinapimwa kwanza kwa ile kazi kubwa, halafu ndipo unauliza kama kinakubali kwenda kasi bila kukuzuia. Wengi hupima kinyume chake.

Utawaona dukani. Mtu anavaa, anarukaruka mara mbili mbele ya kioo, anakimbia hadi mlangoni kwa kasi ambayo hawezi kuishika hata dakika moja, anarudi anatabasamu. Kwa mwendo ule karibu kila raba ya kisasa ni tamu. Wewe omba uikimbize polepole, ule upole wa kuudhi, kama unamsindikiza mtu anayetoka kuugua. Sikiliza kisigino kinapotua: kinakaa, au kinayumba kidogo kwenda ndani au nje kabla mguu haujasonga mbele? Halafu simama kwa mguu mmoja, kunja goti kidogo, hesabu hadi kumi. Kifundo kikianza kutetemeka wakati bado una nguvu, fikiria kilometa ya 14 siku ya mbio ndefu.

Sasa hiyo ya kaboni. Jina la raba hizi lilianza kuvuma mwaka 2017, Nike walipoanza kuuza Vaporfly 4%. Namba 4 ilitokana na jaribio la maabara: wakimbiaji 18 wenye kasi walipimwa nguvu wanayotumia, na kwa wastani walitumia pungufu ya asilimia 4 wakiwa na kiatu hicho kuliko viatu vya mashindano vya wakati ule. Tangazo halikutilia mkazo mwendo waliopimwa: kilometa 14, 16 na 18 kwa saa. Ule wa chini kabisa ni dakika 4 na sekunde 17 kwa kilometa, na lengo lako la dakika 48 ni 4:48. Mwaka 2023 watafiti wengine wakapima raba za aina hiyo kwa mwendo wa watu wa kawaida. Kwa kilometa 12 kwa saa, yaani dakika 5 kwa kilometa, faida ilishuka hadi asilimia 1.4. Kwa 10 kwa saa ikabaki asilimia 0.9, tena ni wastani tu, kwa sababu baadhi walipata hasara kabisa. Kwa hiyo katika zile kilometa 35 za taratibu utakuwa unalipia kitu ambacho huenda hakikusaidii.

Na hata pale kinaposaidia, bamba si shujaa anayetangazwa. Kuna watafiti waliochukua Vaporfly wakalikata bamba lake kwa mikato sita sehemu ya mbele ili ukakamavu wake uishe, halafu wakalinganisha na kiatu kizima. Tofauti ya nguvu zilizotumika haikufika hata asilimia 1. Kazi kubwa inaelekea kufanywa na sponji ya soli ya kati ikishirikiana na umbo lake. Kwako hiyo ni habari njema, kwa sababu sponji ya aina hiyo siku hizi inapatikana kwenye raba za mazoezi zisizo na kaboni.

Lakini kinachonifanya nikukataze ni kano yako. Raba nyingi za kaboni zina soli ndefu kwenda juu, kitako chembamba chini ya kisigino, na sehemu ya mbele isiyokunjika. Katika mwendo wa kasi unatua na kuondoka haraka, kiatu hakipati muda wa kuyumba. Katika mwendo wa taratibu mguu unakaa chini muda mrefu zaidi, kifundo kinafanya kazi ya kusawazisha, na kigimbi pamoja na kano vinavutwa bila wewe kutambua. Mwaka 2023 madaktari waliripoti wanariadha watano walioumia mfupa mmoja wa katikati ya unyayo kwa kulemewa, baada ya kutumia viatu hivi. Watu watano si ithibati ya chochote, na sitaki kukutisha. Ila ni sababu ya kutosha kutovipa miguu kila siku ya wiki, hasa miguu iliyokwisha kulalamika mwaka jana.

Anayetaka kuona kiatu cha mashindano kinavyoweza kuwa mbali na maisha ya kila siku aangalie Adidas Adizero Adios Pro Evo 1, aliyoivaa Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia maratoni ya Berlin kwa saa 2:11:53 mwaka 2023. Ilikuwa na gramu 138, na watengenezaji wenyewe walisema imekusudiwa maratoni moja tu pamoja na kuizoea kidogo. Ya kwako ya dukani itadumu zaidi ya hapo, lakini iko upande huo huo wa ukoo.

Ile laini na nzito ina kosa tofauti. Kwa kilo 78, sponji laini sana inazama kila unapotua, na ukitaka kuongeza mwendo unasukuma kitu kisichosukumika. Uzito wenyewe nao una gharama, ingawa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwahi kuficha vipande vidogo vya risasi ndani ya viatu vya wakimbiaji bila wao kujua, kisha wakawakimbiza meta 3,000. Kila gramu 100 zilizoongezwa kwenye kila kiatu ziliwachelewesha kwa karibu asilimia 0.8. Ukipunguza gramu 50, kwa makadirio hayo, kwenye kilometa 10 za dakika 48 unaokoa kama sekunde 11. Si haba, lakini wewe unatafuta dakika 4, na hizo zitatoka kwenye mazoezi. Ndiyo maana nasema hivi: kama dunia nzima ingebaki na zile mbili tu ulizozitaja, ningekuambia chukua nzito.

Bahati nzuri hazijabaki mbili.

Unachotaka ni raba yenye gramu kama 220 hadi 260 kwa saizi ya kati ya mwanamume, isiyo na bamba au yenye bamba linalokunjika la nailoni, na sponji inayorudisha nguvu bila kuyumba. Kuhusu sponji, utakutana na majina matatu kwenye maelezo ya kiatu. EVA ndiyo ya zamani: nyepesi, ya kawaida, inachoka mapema. TPU ilipata umaarufu Adidas walipotoa Boost mwaka 2013: imara, inadumu, lakini ina uzito. PEBA ndiyo iliyoleta mapinduzi, nyepesi na yenye kuruka sana, na ikiwa tupu bila kitu kingine inaweza kuwa laini mno kwa mtu wa uzito wako. Siku hizi pia kuna EVA na TPU zinazoumuliwa kwa gesi chini ya shinikizo kubwa, na baadhi zinaikaribia PEBA. Usijifunge kwenye jina. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, kwa nguvu, kisha achia. Ikirudi mara moja vizuri. Ikibaki na kidimbwi kinachojaa taratibu, ni laini ya kukalia, si ya kukimbilia. Raba nyingi nzuri za kazi mbili zina tabaka mbili, moja ya sponji changamfu na nyingine ngumu kidogo inayoishikilia isiyumbe. Mpango huo naupenda.

Baada ya hapo igeuze uangalie soli ya chini. Kitako cha kisigino kiwe kipana kuliko kisigino chako chenyewe, na kiuno cha kiatu, pale chini ya upinde wa wayo, kisiwe kimekatwa sana. Iweke juu ya meza, ubonyeze ncha ya mbele. Kisigino kikiinuka na kiatu kikabingirika kwa ulaini, umbo hilo litakusaidia siku ya kasi hata bila bamba. Halafu ikunje: ijikunje pale vidole vinapoanzia. Ikijikunja katikati, irudishe kwenye rafu. Angalia pia mpira wa chini. Kama sponji iko wazi upande wa nje wa kisigino, na wewe unatua hapo kama wengi wetu, lami itaila haraka, na lami iliyolowa itakutelezesha.

Kwa mtu mwenye historia ya kano ningesisitiza jambo moja zaidi: mteremko wa soli, yaani tofauti ya unene kati ya kisigino na sehemu ya mbele. Mteremko mdogo, milimita 0 hadi 5, unaongeza kazi ya kigimbi na kano ya kisigino. Mkubwa, 8 hadi 12, unahamishia sehemu ya kazi hiyo kwenye goti. Hakuna ulio mtakatifu, kila mmoja unachagua wapi uchovu uende. Kwako wewe anza na 8 au 10. Na jihadhari na mtego huu: namba iliyoandikwa imepimwa kiatu kikiwa hakijakanyagwa. Sponji ya kisigino ikiwa laini sana, ukitua inazama, na ile 8 inakuwa ndogo kuliko ulivyoahidiwa.

Muuzaji atataka kukuangalia upinde wa wayo na kukuambia wayo wako unaangukia ndani unapotua, kwa hiyo unahitaji kiatu cha kuzuia hilo. Msikilize kwa adabu. Utafiti wa Denmark uliwafuatilia wakimbiaji wanaoanza 927 kwa mwaka mzima, wote wakiwa na raba za kawaida zisizo na kizuizi chochote, na wale ambao nyayo zao ziliangukia ndani kiasi hawakuumia zaidi ya wengine. Jeshi la Marekani nalo lilijaribu kuwagawia askari wapya viatu kulingana na umbo la wayo, na majeraha hayakupungua. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, aliyesomea viatu vya mbio kwa miongo kadhaa, alifikia kupendekeza kwamba faraja anayoisikia mkimbiaji mwenyewe ni kigezo cha kuaminika kuliko vipimo hivyo. Mimi naongeza sharti: faraja ya dakika kumi za kukimbia, si ya kusimama kwenye zulia. Kama daktari au mtaalamu wa viungo amekupa maelekezo maalumu, hiyo ni habari nyingine, mfuate yeye.

Kuhusu ukubwa, nenda jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zako za kukimbilia. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kwa baadhi ya watu kidole hicho si kile kikubwa, kwa hiyo pima vizuri. Kisha toa soli ya ndani, iweke sakafuni, usimame juu yake. Ukiona kidole kidogo kinamwagika nje ya ukingo, kiatu hicho ni chembamba kwako, na kutafuta namba kubwa zaidi hakutarekebisha, kutakupa malengelenge tu. Kisigino nacho kisipande na kushuka. Kikicheza kidogo, kabla hujakikataa kiatu jaribu kupitisha kamba kwenye lile tundu la juu kabisa ambalo karibu kila mtu analiacha wazi: fanya kitanzi kidogo kila upande, upitishe kamba ya upande mmoja ndani ya kitanzi cha mwingine, uvute kuelekea chini. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Umesema nikutajie majina, au nadhani ungesema. Saucony Endorphin Speed ina PEBA na bamba la nailoni, na mteremko wake umekuwa 8, ndiyo ningeanza nayo kwa ajili yako. Asics Novablast haina bamba, ni laini zaidi, nzuri sana siku za taratibu na inavumilia tempo, yaani mwendo wa kasi unaoushikilia kwa muda, ingawa kwenye mizunguko mifupi ya kasi inachelewa kidogo. Adidas Adizero Boston ni ngumu kuliko hizo na ina fito badala ya bamba. Wazito wenye miguu imara wanaipenda, wengine wanaiona kavu. Hoka Mach na New Balance FuelCell Rebel ni nyepesi na zina raha yake, lakini mteremko wao ni mdogo, na kwa kano yako ningeziweka nyuma. Kumbuka kila toleo jipya hubadilisha jambo fulani, wakati mwingine kiatu kizima, kwa hiyo soma maelezo ya toleo ulilolishika mkononi. Na ukitaka kupunguza gharama, toleo lililotangulia la raba nzuri ni ununuzi bora kuliko kaboni iliyopunguzwa bei.

Utasikia pia habari za urefu wa soli na sheria. World Athletics, shirikisho la riadha duniani, imeweka kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani. Derara Hurisa wa Ethiopia alifika wa kwanza kwenye maratoni ya Vienna mwaka 2021, akanyang'anywa ushindi kwa sababu soli yake ilikuwa ya milimita 50. Kanuni hizo zinawabana hasa wanaopigania ushindi, lakini kwa mazoezi mimi naziona kama kipimo kizuri: kisigino kikipita 40, uthabiti unaanza kuwa deni.

Ukishanunua, zile za zamani usizitupe siku hiyo hiyo. Wiki mbili za kwanza vaa mpya kwenye siku fupi za taratibu, za zamani zichukue zinazobaki. Wiki ya tatu ipeleke mpya kwenye tempo, ya nne kwenye mizunguko ya kasi na mbio ndefu. Asubuhi, unapokanyaga sakafu kwa mara ya kwanza, isikilize kano. Ikikaza zaidi ya ilivyozoea kwa siku mbili mfululizo, rudi hatua moja nyuma.

Raba ya namna hii huishi kilometa 500 hadi 800. Kwa 40 kwa wiki ni miezi mitatu hadi mitano hivi. Usingoje ife. Ikifika kama 400, anza kuweka akiba ya jozi inayofuata, ili zikutane kwa muda: mpya kwa kasi, ya zamani kwa taratibu. Utafiti wa Luxembourg uliofuatilia wakimbiaji 264 uliona kwamba waliokuwa wakibadilishana jozi tofauti waliumia kwa asilimia 39 pungufu kuliko waliong'ang'ania moja. Kwa mfuko wa mtu mmoja, kukutanisha inayozeeka na inayoanza ndiyo njia rahisi ya kuipata faida hiyo.

Na mashindano kimbia na hiyo hiyo. Jozi iliyofanya tempo zako zote itajua mwendo wa 4:48 vizuri kabisa. Ukishuka chini ya 48 na mfuko ukiruhusu jozi ya pili, niandikie tena, hapo tutaizungumzia kaboni.